MSIMU WA LIGI NA MAJIRA YA KWETU: JE, KALENDA YA MPIRA INATUFAA SISI WA KASKAZINI MASHARIKI?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kila jambo na wakati wake. Mkulima hapandi mahindi wakati wa kiangazi, na mfugaji hahamishi ngamia wake kabla ya kujua mvua imenyesha wapi. Lakini ukija kwenye mpira wa miguu, mchezo tunaoupenda kuliko yote hapa Garissa, utaona kwamba ligi huanza na kwisha kwa tarehe ambazo hazikupangwa kwa kutazama mbingu zetu wala ardhi yetu. Msomaji mpendwa, katika makala hii nataka tujifunze pamoja msimu wa ligi umetoka wapi, urefu wake unahesabiwa vipi, na kwa nini naona kwamba sisi wa Garissa, Wajir na Mandera tunastahili kuufikiria upya.

Neno lenyewe linatufunza nini?

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, tuanze na lugha. Neno "msimu" lina asili ya Kiarabu, na hapo zamani lilihusu hasa majira ya pepo za bahari. Mabaharia wa pwani walijua kwamba kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi huyarudisha. Nahodha aliyepuuza msimu alikwama bandarini miezi kadhaa. Kwa hivyo msimu, kwa maana yake ya asili, ulipangwa na hali ya hewa, nao wanadamu wakaufuata.

Waswahili wana masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Nasi Wasomali tuna majira manne yanayokaribiana na hayo: Gu, mvua kubwa za kuanzia mwezi wa Machi au Aprili, Hagaa, kiangazi chenye upepo na ubaridi kidogo katikati ya mwaka, Deyr, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na Jilaal, ukame mkali wenye jua kali mwanzoni mwa mwaka. Mtoto yeyote wa hapa anayajua haya kabla hajajua kusoma. Ajabu ni kwamba wapanga ratiba za mpira hawayatumii.

Kalenda ya Agosti hadi Mei ilitoka wapi?

Ligi ya kwanza ya mpira duniani ilianza Uingereza mnamo Septemba 1888 ikiwa na klabu 12. Kule mpira ulikuwa mchezo wa wakati wa baridi, kwa sababu wakati wa joto watu walicheza kriketi, na mara nyingine uwanja ulikuwa huo huo. Mchezaji aliyekimbia kwenye ubaridi hakuwa na shida ya jua. Basi mpango huo wa kuanza Agosti au Septemba na kumaliza Mei ukaenea Ulaya, na kwa kuwa fedha nyingi za mpira ziko Ulaya, dunia nzima ikaanza kuufuata.

Kenya hatukuufuata tangu mwanzo. Kwa miaka mingi ligi yetu kuu ilichezwa ndani ya mwaka mmoja, takriban Februari hadi mwisho wa mwaka. Halafu Julai 2017, Shirikisho la Soka la Afrika, yaani CAF, lilikutana Rabat, Moroko, na kuamua mambo mawili makubwa. Kwanza, Kombe la Mataifa ya Afrika lihamishwe kutoka Januari hadi Juni na Julai, na timu ziongezwe kutoka 16 hadi 24. Pili, mashindano ya klabu za Afrika yafuate kalenda inayoanza mwaka mmoja na kwisha mwaka unaofuata. Kenya nayo ikabidi igeuke.

Hebu tuone mgeuko huo ulivyokuwa. Msimu wa 2018 ulichezwa Februari hadi Oktoba. Msimu wa 2018/19 ukaanza Desemba 2018 na kwisha Mei 2019. Timu 18, kila moja mechi 34, kwa muda usiofika miezi sita! Gor Mahia, waliochukua kombe misimu yote miwili, mwaka huo wa 2018 walicheza pia mashindano ya klabu za Afrika, wakashinda SportPesa Super Cup huko Nakuru mwezi Juni, na Novemba wakasafiri Liverpool kucheza na Everton. Mwili wa mwanadamu si injini ya lori, na hata lori hulala gereji.

Wenzetu wamebadilisha, kwani kalenda si msahafu

Kuna watu husema kwamba kalenda ya mpira haiguswi. Si kweli. Tazama mifano hii.

Kombe la Dunia la 2022 lilichezwa Qatar kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 18 Desemba, wala si Juni na Julai kama ilivyozoeleka, kwa sababu joto la Qatar katikati ya mwaka halichezeki. Ligi kubwa za Ulaya zilisimama zikangoja. Ikiwa ligi za matajiri ziliweza kusimama kwa sababu ya jua la Qatar, kwa nini ligi ya mtaa isisimame kwa sababu ya jua la Garissa?

CAF wenyewe wamerudi nyuma mara kadhaa. Kombe la 2019 huko Misri lilichezwa Juni na Julai, na marefa wakawa wanasimamisha mechi ili wachezaji wanywe maji. Lakini lile la Kameruni likachezwa Januari na Februari 2022, na la Kodivaa Januari na Februari 2024, maana Juni ni wakati wa mvua kubwa katika nchi hizo. La Moroko lilianza Desemba 2025 na kwisha Januari 2026. Na Desemba hiyo ya 2025, rais wa CAF, Patrice Motsepe, alitangaza kwamba baada ya mwaka 2028 kombe hilo litakuwa likichezwa kila miaka minne badala ya miwili.

Uswidi na Norwe hucheza ligi zao kuanzia majira ya kuchipua hadi karibu na mwisho wa mwaka, kwa kuwa theluji hufunika viwanja. Japani iliamua Desemba 2023 kuhamia kalenda ya Agosti hadi Mei kuanzia msimu wa 2026/27, na sababu mojawapo ni kupunguza mechi za wakati wa joto. Hata hivyo wakaweka mapumziko marefu wakati wa theluji. Marekani nayo ilitangaza Novemba 2025 kwamba ligi yake itahama kuanzia 2027, na itapumzika katikati ya baridi. Funzo ni kwamba kila mmoja anatazama kwanza mbingu za kwao.

Urefu nao umepingwa. Mwaka 1995 ligi kuu ya Uingereza ilipunguza klabu kutoka 22 hadi 20, na mechi za kila klabu zikashuka kutoka 42 hadi 38. Siku hizi mashindano yameongezwa tena: Kombe la Dunia la Klabu la 2025 lilikuwa na timu 32, na Kombe la Dunia la 2026 likapangiwa timu 48 na mechi 104. Septemba 2024 kiungo Rodri wa Manchester City alisema wachezaji wako karibu kugoma kwa sababu ya wingi wa mechi, na siku chache baadaye akaumia goti vibaya.

Majira manne yanayotutawala hapa kwetu

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa niwaeleze kunguni wa kitanda chetu.

La kwanza ni jua. Garissa iko karibu kabisa na ikweta, na ni nyanda za chini. Miezi ya Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 36 na kupita. Juni hadi Agosti hushuka hadi nyuzi 31 au 32 hivi, na upepo huvuma. Mchezaji anapokimbia, misuli hutoa joto, na mwili hujipoza kwa jasho linalokauka kwenye ngozi. Maji yakipungua mwilini jasho hupungua, na joto hubaki ndani. FIFA ina kipimo kinachounganisha joto, unyevu na ukali wa jua. Kikifika 32, mechi yapasa isimamishwe ili watu wanywe maji. Hapa kwetu sijawahi kuona mtu na kipimo hicho uwanjani. Uwanja mmoja huchezewa mechi tatu kwa siku, ya kwanza saa saba mchana. Mwezi wa Machi mwaka jana nilimwona beki wa timu ya mtaa wetu akianguka bila kuguswa na mtu. Walimburuta hadi chini ya mwarobaini, wakammwagia maji kichwani, akawa anauliza eti mechi ni ya nani na nani. Alipona, alhamdulillahi, lakini mama yake amemkataza mpira hadi leo.

La pili ni mto na barabara. Mvua yetu ni haba, lakini Tana hubeba maji ya milimani, ya Mlima Kenya na Aberdare. Maji hayo yakija, barabara ya Nairobi hukatika upande wa Madogo. Ilikuwa hivyo wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, ikawa hivyo Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024. Katika mafuriko hayo ya Aprili 2024 watu walivuka kwa mashua, na mashua moja ikapinduka, wengine wakafa maji. Mwenyezi Mungu awarehemu. Serikali iliahirisha hata ufunguzi wa shule kote nchini, zikafunguliwa katikati ya Mei. Sasa nauliza: ikiwa kalenda ya shule ilipisha mvua, kwa nini kalenda ya mpira isipishe?

Abti yangu ni dereva wa lori wa njia hiyo ya Nairobi. Nilimuuliza, "Abti, timu ikipangiwa mechi ya ugenini mwezi wa Aprili, itafika?"

Akacheka. "Abti, mimi nabeba vitunguu na sijui kama nitafika. Wao wanabeba miguu tu. Watalala njiani, walale njaa, halafu wafungwe tano."

Hayo si maneno ya mzaha. Timu moja ya hapa ninayoijua ilishindwa kufika mechi yake kwa sababu ya maji, na wakubwa wa ligi hiyo wakawapa wapinzani pointi tatu na mabao mawili. Vijana walichanga nauli, nauli ikaliwa na njia, na pointi zikaenda. Huko ni kushindwa na kalenda, si kushindwa na wapinzani.

La tatu ni Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni siku 354 au 355, kwa hivyo Ramadhani husogea mbele ya kalenda ya kawaida kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2016 ilikuwa Juni. 2025 ilianza mwanzo wa Machi. 2026 ilianza katikati ya Februari. Na mwaka 2030 tutafunga mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba. Ukipiga hesabu utaona kwamba msimu wa Agosti hadi Mei utakuwa na Ramadhani ndani yake kila mwaka kwa zaidi ya miaka 15 ijayo. Hapa kwetu karibu timu nzima imefunga. Mechi ya saa kumi alasiri humalizika saa kumi na mbili kasoro robo, na adhana ya magharibi ni saa kumi na mbili na nusu hivi. Mchezaji anakimbia dakika 90 hali tangu daku hajaweka tone la maji mdomoni. Mwaka 2021 huko Uingereza, refa alisimamisha kidogo mechi ya Leicester City na Crystal Palace ili wachezaji wawili Waislamu wafuturu. Ikiwa huko wanafikiriwa wawili, hapa tunashindwa kuwafikiria ishirini na wawili?

La nne ni shule. Wengi wa wachezaji wa timu zetu za mtaani ni wanafunzi. Sisi wa shule ya kutwa tukitoka darasani twaenda uwanjani, na tukitoka uwanjani twarudi nyumbani kutafuta taa ya kusomea. Muhula wa tatu ni wa mitihani, na mtihani wa kitaifa hauahirishwi kwa ajili ya nusu fainali.

Hesabu ya urefu wa ligi

Chukua kalamu, msomaji, tufanye hesabu kidogo. Timu zikicheza nyumbani na ugenini, jumla ya mechi ni idadi ya timu mara idadi hiyo ukitoa moja. Timu 18: 18 mara 17 ni mechi 306, na kila timu hucheza 34. Timu 12: 12 mara 11 ni mechi 132, na kila timu hucheza 22.

Sasa tuseme eneo letu lina timu 18 kutoka kaunti tatu. Ukiziweka ligi moja, kila timu itasafiri mara 17. Kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na Mandera ni mbali zaidi ya hapo. Nani atalipa dizeli? Lakini ukizigawa makundi matatu ya timu sita sita kwa ujirani, kila kundi lina mechi 30, jumla 90 badala ya 306. Kila timu hucheza mechi 10, na husafiri mara tano tu, tena karibu.

Pendekezo langu

Ligi ya makundi ianze Jumamosi ya kwanza ya Juni, mvua za Gu zikiwa zimepungua na Hagaa ikiingia. Mechi moja kwa wiki, wiki kumi, hutufikisha wiki ya pili ya Agosti. Washindi wa makundi matatu pamoja na timu bora ya pili wakutane mahali pamoja likizo ya Agosti, nusu fainali na fainali kwa siku tatu. Mechi isianze kabla ya saa tisa na nusu alasiri, na kila kipindi kisimamishwe mara moja kwa maji. Kwa mpango huu Ramadhani haitaingia ndani ya ligi mpaka karibu mwaka 2040, mto hautatukata mara kwa mara, na mwanafunzi atarudi darasani muhula wa tatu akiwa na akili moja.

Pingamizi na majibu

Najua wako watakaopinga, na haki yao nisiifiche. Kocha mmoja aliniambia kwamba mechi kumi ni chache mno, kijana hatapata makali ya kushindana na timu za Nairobi zinazocheza mechi thelathini na zaidi. Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba mechi kumi zinazochezwa kikweli ni bora kuliko ishirini na mbili ambazo sita hazikuchezwa na nne zilichezwa na watu wenye kizunguzungu. Tena kombe fupi la mtoano laweza kuwekwa baada ya Idi, lichezwe karibu na nyumbani, ili miguu isishike kutu.

Wengine watasema tutatoka kwenye mstari wa taifa. La hasha. Bingwa wetu atajulikana mwezi wa Agosti, wakati ule ule msimu mpya wa taifa unapoanza. Kwa kweli tutakuwa tumemwandaa vizuri zaidi, maana atapanda akiwa na wachezaji wazima.

Na wengine watasema bora kungoja viwanja vyenye taa, tucheze usiku. Taa ni nzuri, zikija tutazishangilia. Lakini kubadilisha tarehe kunahitaji karatasi na kalamu tu, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tamati

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania wanaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Macho yote yatakuwa kwa viwanja vikubwa. Mimi naomba macho mawili tu yatazame huku, kwenye viwanja vya mchanga, ambako kipaji cha kijana huweza kupotea kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa na mtu asiyejua Jilaal ni nini. Mwiga tembo hupasuka msamba. Tusiige Ulaya katika mambo ambayo Ulaya wenyewe waliyapanga kwa kutazama baridi yao.

Maswali ya kujadili chamani

1. Eleza asili ya neno "msimu" na namna maana yake ilivyopanuka.
2. Ligi yenye timu 14 zinazocheza nyumbani na ugenini ina mechi ngapi? Kila timu itacheza ngapi?
3. Ikiwa Ramadhani husogea kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, itachukua kiasi cha miaka mingapi kurudi mwezi ule ule?
4. "Mechi chache zenye afya ni bora kuliko mechi nyingi zenye dhiki." Jadili, ukitoa mifano kutoka mtaani kwenu.